Vitonge vya Mwaka Themanini na Mbili

Mwalimu Wilhelmina Luhende wa Butimba alifundisha mapishi ya tufaha kwa miaka ishirini na mmoja bila kuliona tufaha hata moja. Usimcheke. Na wewe ulifundishwa theluji darasani, ukaichora, ukapata vema yako, na ukiletewa theluji mlangoni leo hujui uishike wapi.

Kosa, kama ni kosa, lilikuwa la muhtasari. Kituo cha mafunzo ya kina mama alichoajiriwa mwaka 1971 kilirithi muhtasari wa sayansi kimu kutoka kwa mtawa mmoja Mzungu aliyekwisha kurudi kwao. Somo la kumi na nne lilisema: Vitafunwa vya Tufaha vya Tonge Moja, Vyenye Chenga Juu. Wanafunzi wakafupisha, wakaviita vitonge. Palikuwa na mchoro usio na rangi wa kitu cha mviringo chenye kikonyo, ambacho kingeweza kuwa tufaha, nyanya au kitasa cha mlango. Mwalimu hakutetereka. Alichukua papai bichi, akalikata vipande vidogo, akalichemsha na ndimu, sukari na mdalasini, akawaambia wanafunzi kwamba papai litakaimu nafasi ya tufaha hadi tufaha lenyewe litakapopatikana. Kinyunga cha unga uliokandwa kilitandazwa ndani ya vikopo vidogo vya nyanya ya kopo, papai likaingia ndani yake, na juu zikanyunyizwa chenga za unga wa ngano uliosuguliwa kwa siagi na sukari. Kisha vikopo vikapangwa kwenye sufuria yenye mchanga, makaa chini, makaa juu ya mfuniko. Vitonge vilikuwa vitamu, tusidanganyane. Mtaa ukamwita Mwalimu Tufaha, na jina hilo alilipenda kuliko la ubatizo.

Halafu ikaja miaka ya foleni. Kufikia mwaka 1982 sukari ilipatikana kwa kadi, unga wa ngano ulipatikana kwa kujuana, na siagi ilipatikana kwenye masimulizi. Papai lilikuwepo, lakini papai peke yake si mtihani. Wakubwa wa kituo wakataka matokeo ya vitendo kama kila mwaka, kwa fomu ileile na kwa tarehe ileile. Mwalimu aliwaandikia kwamba hana unga. Wakamjibu kwamba fomu zirudishwe kabla ya mwisho wa mwezi.

Basi mtihani ukafanyika. Wasichana kumi na wawili walisimama nyuma ya meza, kila mmoja na beseni tupu. Wakapima hewa kwa kikombe. Wakasugua hewa kwa ncha za vidole hadi ikawa chenga. Mwalimu akapita katikati yao na kalamu nyekundu, akisema, "Wewe, kinyunga chako kizito," na "Wewe, mbona mkono wako una joto, siagi itayeyuka." Hakuna aliyebisha. Msichana mmoja, Rebeka, alipepea jiko lisilo na moto, akakohoa kwa moshi, akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Akapata tisini na mbili kwa mia, na cheti cha kupamba ukuta.

Aliyefeli alikuwa mmoja tu, Getruda, binti wa Kamanga ng'ambo ya maji. Karatasi iliyopelekwa kwao ilikuwa na neno moja kwa wino mwekundu, na mhuri wa kituo juu yake: AMEUNGUZA. Kwa nini aliandika hivyo, Mwalimu alijua mwenyewe, na kwa miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyemuuliza. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mwalimu ilikuwa na urefu wa miaka kumi na miwili, na kivuko juu yake.

Mwaka 1994 kila kitu kilikuwa ruksa. Kituo kilikuwa kimefungwa na jengo lake limejaa marobota ya mitumba. Mwalimu alikuwa amestaafu, anafundisha mapishi mabinti wachache barazani kwake, chini ya majabali ya Butimba. Siku moja asubuhi mwanamke mnene wa haja, aliyevaa gauni la mtumba lenye mabega makubwa, alibisha hodi, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Ni nani mwenzangu?"

"Getruda. Yule wa kuunguza."

Mwalimu alimkaribisha kiti, akamuuliza habari za Kamanga, za dagaa, za watoto. Getruda alijibu zote vizuri, kisha akafungua kikapu na kupanga mezani vitu sita vyekundu vinavyong'aa kama vimepakwa mafuta.

Mwalimu alivitazama. Miaka yote alikuwa amewaza kwamba tufaha ni la kijani, kwa sababu papai bichi ni la kijani.

"Naona umeleta matufaha," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeyala hata jana usiku.

"Kwa Pravin, karibu na soko. Yanatoka Afrika Kusini siku hizi. Mwalimu, nimekuja kufanya marudio."

Akaeleza, na alieleza kwa utulivu wa mtu aliyeirudia hotuba yake kichwani tangu ujana. Aliolewa mwaka uleule wa mtihani, na Luhaga, mtoto mkubwa wa nyumba ya watu wenye heshima zao pale Kamanga. Kwa desturi ya nyumba ile, mke wa mtoto mkubwa ndiye anayeshika mwiko siku ya shughuli. Yeye ndiye anayekaa karibu na chungu, anaonja, anaamua chumvi, anawatuma wengine. Lakini mshenga alipokuja kuposa aliomba kuona karatasi za shule, akaisoma ile mbele ya ukoo mzima. Mama mkwe akaomba apewe, akaihifadhi. Mdogo wake Luhaga alipooa miezi michache baadaye, akamwoa Rebeka, yule wa tisini na mbili. Mwiko ukapewa Rebeka.

"Miaka kumi na miwili nateka maji, Mwalimu. Harusi nateka maji, msiba nateka maji, ubatizo wa mwanangu mwenyewe nimeteka maji. Rebeka anazidisha chumvi mpaka wageni wanaomba maji, na maji hayo nayateka mimi. Jumamosi ijayo anaoa Mihayo, shemeji yangu wa mwisho. Baada ya hapo hakuna harusi tena pale nyumbani."

"Hukumwambia mama mkwe wako jinsi mtihani ulivyokuwa?"

"Nilimwambia. Akasema mhuri hausemi uongo."

Mwalimu alitazama sakafu. Angeweza kulimaliza palepale, kwa sentensi moja. Lakini tumwelewe mama wa watu: katika kabati lake kulikuwa na daftari la majina ya wanawake zaidi ya mia mbili aliowapa vyeti, kutoka Busisi hadi Ukerewe, wengine kwa papai na wengine kwa hewa. Ukichomoa uzi mmoja kwenye sweta, jiandae kukaa uchi. Kwa hiyo alisema, "Sawa. Keshokutwa saa nne. Mje na shahidi." Getruda akalia kwa furaha, na Mwalimu akajichukia mchana kutwa.

Keshokutwa yake shahidi alivuka ziwa na kivuko cha asubuhi. Alikuwa mama mkwe mwenyewe, Mama Luhaga, mwanamke mrefu aliyekuja na kigoda chake kichwani, kwa kuwa haviamini viti vya watu. Aliketi katikati ya ua, akatoa kwenye mfuko wa nailoni kadi za kliniki za wajukuu, na katikati ya kadi hizo ile karatasi ya mwaka themanini na mbili, haina hata kona iliyokunjika.

"Mwangaluka, Mwalimu," alimwamkia kwa lugha ya nyumbani. "Kwanza nataka kujua. Nani anathibitisha kwamba haya ni matufaha?"

Swali halali kabisa, na katika ua ule hapakuwa na wa kulijibu. Ikabidi Pravin aitwe dukani. Alikuja na kobazi zake na kalamu sikioni, mzaliwa wa Mwanza kama baba yake na babu yake, mtu pekee waliyemjua ambaye aliwahi kula tufaha, kwa dada yake Nairobi. Wakamwonyesha.

"Shikamoo, mama. Haya ni epo," alisema. "Nimeyauza mimi."

"Muuzaji atakosaje kuisifu bidhaa yake?" Mama Luhaga akauliza.

Pravin aliona jina lake limechafuliwa. Akachukua tufaha moja, akaling'ata mbele yao. Kishindo cha meno yake kilisikika hadi kwa jirani. Akatafuna, akameza, akasema, "Epo." Yakabaki matano, na wote wakakubali kwamba ushahidi umekamilika. Pravin akaambiwa akae, kwa kuwa shahidi haondoki kabla ya hukumu, akamalizia ushahidi wake hadi kikonyo.

Getruda akafunga kanga kiunoni, akaanza. Alisugua unga na siagi kwa ncha za vidole, na safari hii vilitoka vyeupe kwa unga. Alitandaza kinyunga kwenye vikopo ishirini. Alimenya matufaha, akayakata vipande, akageuka kuchukua sukari, na alipogeuka tena vipande vimeanza kuwa vya kahawia.

"Linaoza tukiliangalia," alisema Mama Luhaga, na akasogeza kigoda nyuma.

Hapo Mwalimu aliruka kama msichana. "Maji ya ndimu! Yatumbukize kwenye maji ya ndimu! Mstari wa tatu!"

Getruda akayatumbukiza, na vipande vikakoma kubadilika. Mwalimu alisimama pale, mkono kifuani. Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa amewafundisha watu mstari ule wa tatu, "tufaha litiwe kwenye maji ya ndimu lisigeuke rangi," na kwa miaka yote hiyo papai halikugeuka rangi hata siku moja, naye alikuwa akijiuliza kimoyomoyo mtawa yule alikuwa na wasiwasi gani. Sasa aliona kwa macho yake kwamba somo lilikuwa la kweli. Alifurahi mpaka akaona haya.

Vitonge vikajazwa, vikanyunyiziwa chenga, vikapangwa kwenye sufuria. Mfuniko ukawekwa, makaa yakawekwa juu. Mwalimu akatazama saa: dakika ishirini, na kufunua kuangalia ikifika ya kumi na mbili. Wote wanne wakakaa kulizunguka jiko.

"Sasa, Mwalimu," alisema Mama Luhaga, akiikunjua karatasi yake magotini, "wakati tunasubiri, nieleze jambo linaloniuma. Huyu mkwe wangu ni mtu mzuri. Mchapakazi. Hajanikosea neno. Lakini mwaka ule sisi Kamanga hatukuona unga wa ngano. Watoto walikunywa uji wa mtama bila sukari, mmoja akawa anatulilia mkate hadi anasinzia. Halafu ninaletewa karatasi kwamba kuna binti huko mjini alipewa ngano, akapewa siagi, akapewa sukari, vyote hivyo, akaviunguza! Ningempaje mwiko mtu wa namna hiyo? Nilimsamehe mengine. Hilo la ngano halijashuka hapa." Akajigusa kooni.

Getruda alikuwa ametoa macho. Miaka kumi na miwili alidhani ananyimwa mwiko kwa kutojua kupika.

Mwalimu naye alihisi maji yamemfika shingoni. Alijiandaa kutetea mhuri, alijiandaa kutetea muhtasari, lakini hakuwa amejiandaa kwa mtoto anayelilia mkate.

"Hakukuwa na unga, mama."

"Unasemaje?"

"Mwaka ule. Hakukuwa na unga."

"Siagi je?"

"Haikuwepo."

"Sukari?"

"Haikuwepo."

"Moto?"

"Hata kiberiti hatukuwa nacho, mama."

Mama Luhaga akamtazama Pravin, kana kwamba mfanyabiashara angejua jambo kama hilo linaitwaje. Pravin akatazama juu kwenye majabali.

"Sasa huyu aliunguza nini?"

"Hakuunguza," alisema Mwalimu Wilhelmina. "Alicheka."

Akasimulia yote, na hakujipunguzia. Alivyowapanga wasichana na mabeseni matupu. Walivyosugua hewa wakiwa kimya, kwa adabu, kama watu wanaosali. Jinsi Getruda alivyositisha mikono, akaitazama, akamtazama mwalimu wake, na kicheko kikamtoka. Alijaribu kukizuia kwa kiganja, kikatokea puani. Alicheka hadi akakaa chini.

"Na wenzake wakaanza kutikisika mabega. Nikajua akiendelea watacheka wote, na wakicheka wote nimekwisha. Mimi nilikuwa nimesimama pale na kalamu, nasahihisha hewa. Nilikuwa najua, mama. Alicheka kitu cha kuchekwa, na nilimchukia kwa sababu alikuwa sahihi. Kwenye fomu hakukuwa na sehemu ya kucheka. Nikaandika ameunguza."

Mwalimu alikuwa analia, na hakujifuta.

"Na Rebeka?" Mama Luhaga aliuliza polepole. "Yule wa tisini na mbili?"

"Hewa, mama. Ila alikohoa vizuri sana."

"Miaka kumi na miwili," alisema Mama Luhaga, "tunakula chumvi ile kwa sababu ya kikohozi."

Pravin alikuwa ananusa. Alinusa upande wa kulia, akanusa upande wa kushoto, akainua kidole kama mwanafunzi. "Samahani, mama zangu. Kuna kitu kinaungua."

Hakuna aliyekuwa ametazama saa. Getruda alirukia koleo, akasukuma makaa, akafunua mfuniko, na moshi mzito ukapanda moja kwa moja hadi juu ya bati. Vitonge ishirini vilikuwa vyeusi tii. Getruda akaachia koleo, akaketi chini vumbini, mikono kichwani.

"Ndiyo basi," alisema. "Ndivyo nilivyoandikiwa. Nitateka maji mpaka nife."

Na hapa nataka msomaji aone jinsi shetani alivyo na adabu, anavyojua kukufungulia mlango na kukaa pembeni. Mwalimu angeweza kuokoka. Vitonge vimeungua, mashahidi wawili wameona, moshi haujaisha hewani. Angesema tu kwamba kumbe karatasi ilikuwa sahihi, ilitangulia kidogo tu, na kila cheti katika lile daftari kingebaki kimelala salama. Wazo hilo lilimpitia, na alilifikiria kwa muda mrefu kuliko alivyokuja kukiri baadaye.

Akainuka, akaingia ndani, akatoka na kalamu nyekundu. Aliichukua ile karatasi kutoka magotini kwa Mama Luhaga, akaigeuza nyuma, akaandika akiwa amesimama, akisoma kwa sauti kila neno: "Mimi, Wilhelmina Luhende, mwalimu, nasahihisha. Vitonge vya mwaka 1982 havikuungua. Havikuwepo. Niliandika uongo juu ya Getruda, na wanafunzi wengine wa siku ile niliwapa alama za hewa." Akatia sahihi. Mhuri hakuwa nao, kwa hiyo Pravin akatoa mfukoni mhuri wa duka lake, akaupulizia, akaugonga. Mama Luhaga aliukagua kwenye mwanga, akaridhika.

"Lakini hivi vimeungua," alisema, akionyesha sufuria.

"Hivi vimeungua, mama. Vile havikuungua."

Mama Luhaga aliwaza. Alimtazama mkwe wake pale vumbini, mwanamke mzima wa biashara zake, kanga imejaa unga.

"Kuunguza kila mtu anaunguza," alisema hatimaye. "Mimi siku ya kwanza kwa wakwe zangu niliunguza hata maji, yalikauka chunguni nikiwa napiga soga. Kilichonitia uchungu ni ngano ya watoto, na kumbe ngano yenyewe haikuwepo. Inuka, Getruda. Jumamosi mwiko ni wako. Rebeka atateka maji, nitamwambia mwenyewe, na akikohoa nitamjua."

Getruda aliinuka. Alimshika mama mkwe wake miguu. Kisha akageuka, akamtazama Mwalimu, na Mwalimu akaona kwamba bado kuna jambo.

"Mwalimu. Na hivi vya leo? Nimepata ngapi?"

Pravin alimkonyeza Mwalimu aseme sabini. Mama Luhaga naye aliitikia kidogo kwa kichwa, kama anayesema mpe mtoto wa watu kitu. Mwalimu aliinama kwenye sufuria, akachukua kitonge kimoja, akakipeperusha kutoka kiganja hiki hadi kile, akaking'ata. Nje palikuwa makaa matupu. Ndani kabisa, mahali palipobaki kama ukucha wa kidole kidogo, palikuwa na kitu laini, kichachu kidogo, kitamu kidogo, ambacho hakikuwa papai. Alikitafuna pole pole hadi kikaisha. Alitamani sana kumpa chochote mwanamke huyu, hata roho yake. Lakini aliyekuwa mbele yake alikuwa amevuka ziwa kuja kuufanya mtihani.

"Umefeli, mwanangu," alisema. "Umeunguza."

Machozi yalimtoka Getruda, na meno yote yakawa nje.

"Ndiyo, Mwalimu," alisema. "Hivi nimeviunguza mwenyewe."